Kiti cha Buluu Ulichonibebea

Mwabungo, Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Riziki,

Pokea salamu zangu hizi za kalamu, kwa kuwa za mdomo zimeniwia nzito. Asubuhi ya leo ulinipa shikamoo mlangoni, nami nikaitikia marahaba huku nikiwatazama kuku, kana kwamba wao ndio walionisalimu.

Wewe na mama yako mmekwenda Tiwi kumuaga bibi yako, na nyumba nimeachiwa mimi na sanduku lako. Sitakuandikia habari za chakula wala baridi ya huko chuoni Nakuru wala watu wa kukaa nao mbali. Hayo mama yako ameyamaliza. Nimechungulia sandukuni nikaona leso tatu, chupa mbili za mafuta ya nazi na mfuko wa bajia, kama mtu anayekwenda kufungua duka. Lile sweta la kijani ni la mjomba wako. Usimwambie mtu lilikotoka, hasa mjomba wako.

Mimi nataka kukuandikia habari ya jana. Ulinijia nikimwagilia miche ya mipapai, ukapiga magoti pale pale kwenye tope, ukasema, "Baba, naomba radhi zako kabla sijaondoka." Nami nikakujibu, "Mche huu umekauka."

Ndilo jibu nililokupa. Ukangoja kidogo, ukainuka, ukapangusa magoti, ukaingia ndani. Mche wenyewe haukuwa umekauka.

Unajua radhi ya mzazi ni kitu gani, la sivyo usingeipigia magoti kwenye tope. Na mimi najua maana ya kumnyima mtoto anayesafiri kesho. Kwa hiyo nimekaa niandike mpaka nijue kama ninakupa au sikupi, kwa sababu hadi ninapoandika mstari huu sijui. Wiki mbili hizi nimekuwa na donge kifuani. Naamka nalo, nakula nalo. Naona nimesalitiwa, Riziki, na safari hii aliyenisaliti nilimtia mwenyewe jina.

Ngoja nianze na yule wa kwanza.

Omari, huyo unayemwita ami, si ndugu yangu wa damu. Tulitiwa jando msimu mmoja, tukajifunza kukwea minazi mwaka mmoja, na ukubwani tukafanya kazi moja: kuangua nazi kwenye nyumba za wageni huko Galu kabla hazijamwangukia mtu kichwani. Nazi za mahali kama pale haziangushwi ovyo, maana chini kuna mapaa, meza na wazungu waliolala. Mmoja hupanda, hulifunga shada kwa kamba, hulikata. Mwenzake yuko chini ameishika ile kamba, hulishusha polepole kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa mpandaji, Omari mshika kamba. Miaka kumi na minne. Mtu akishika kamba yako miaka kumi na minne huachi kumtazama tu, unasahau kabisa kwamba yuko.

Siku niliyoanguka ulikuwa na miaka kumi. Simu ya Omari ililia, akaachia mkono mmoja. Shada likashuka kwa kishindo, kamba ikanizonga mguu, nami nikalifuata shada. Niliangukia kichaka cha boganvilia. Watu huniambia nilikuwa na bahati, mpaka niwasimulie habari ya miiba yake.

Hilo silo lililoniumiza. Simu hulia, mkono huteleza, nami nisingekosa usingizi kwa hilo. Lililoniumiza lilikuja punde, nikiwa chali, macho wazi, pumzi imenikatika. Msimamizi wa zile nyumba alifika mbio, akauliza kumetokea nini. Na Omari, amesimama hapa, karibu na kichwa changu, akasema, "Nilimwambia asipande, bwana. Amekunywa."

Tembo la mnazi mimi nalijua kwa harufu tu. Omari alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Nilitaka kusema, "Sikunywa," lakini hewa ya kusemea haikuwepo. Nilifungua mdomo ukatoka upepo mdogo, na nadhani huo nao walidhani ni pombe.

Omari akabaki na kazi. Mimi nikabaki na jina. Hata waliokuja kunijulia hali hospitalini Msambweni walikuwa wakiinama kunisalimu huku wakivuta pua kidogo. Wewe hukuvuta. Ulikaa kwenye ukingo wa kitanda ukanimenyea chungwa, ukala mwenyewe robo tatu.

Mfupa uliunga. Wale matabibu walinitunza vyema, wakanifundisha na mazoezi ya kufanya nyumbani. Niliyafanya siku mbili nikaona nimehitimu. Basi mfupa ukawa mzima na maumivu yakakaa pale pale, miaka miwili. Nilikuwa siwezi kuinama kufunga kamba za viatu, ukanifungia wewe. Siwezi kurukuu, siwezi kusujudu. Ndipo kikaja kile kiti cha plastiki cha buluu, chenye ufa uliotushinda, nikaushona kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki na bado ukawa unanibana paja la kushoto. Kila Ijumaa ulikibeba kichwani mpaka mlango wa msikiti, ukanikabidhi, ukaenda madrasa uani. Tukitoka, ulikuwa pale unakingoja. Nami niliswali nimekaa mwisho wa safu, karibu na nguzo, nikiinamisha kichwa tu wakati wenzangu wanashuka.

Omari alikuwa safu ya pili. Alikiona kiti kila Ijumaa. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Aliyenipeleka kwenye yoga ni mama yako. Wakati ule alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba nyingine za wageni, na pale palikuwa na mwalimu, Mwende, Mkamba aliyekuwa dobi kabla hajajifunza hiyo kazi. Asubuhi aliwafundisha wageni ufuoni. Kila Jumatano mchana aliwafundisha wafanyakazi bure kwenye baraza ya dobi, kwa sababu, alisema, yeye anaujua mgongo wa mfua mashuka.

Nikamwambia mama yako, "Mimi mtu mzima niende nikajikunje mbele ya wanawake?"

Akasema, "Wewe ulishajikunja, baba Riziki. Sasa tunatafuta mtu wa kukunyoosha."

Mwende aliponiona nikishuka ngazi kwa ubavu kama kaa, hakunikaribisha hata kukaa. "Mzee, kwanza uletee mimi karatasi ya daktari. Mimi si mganga. Mgongo ikivunjika hapa, ni mimi nitaulizwa." Nilipenda hilo. Mtu anayejua mwisho wa ujuzi wake anaweza kukushika mgongo.

Karatasi ikaja, tukaanza. Nilipiga magoti, viganja chini, nikaambiwa niupandishe mgongo kama paka aliyetishwa, kisha niushushe, kila mwendo na pumzi yake. Mgongo wangu ulilia kama mlango wa ghala. Mama Chizi wa jikoni alicheka mpaka akaanguka ubavu. Habari zikafika msikitini kabla yangu, na ustadhi akaniweka kando, kwa adabu, akauliza, "Bakari, huko mnasoma nini wakati wa kujikunja?"

"Nasoma 'mgongo wangu wee', ustadhi."

"Basi?"

"Na 'mama yangu wee', ikizidi."

Akaniambia niendelee, ila nisikose swala.

Siku ya kwanza ya kulala kama maiti hukuwepo, na mama yako husimulia nusu tu, kwa hiyo nakupa nzima. Mwishoni mwa somo Mwende alisema, "Haya, sasa kila mtu alale kama maiti. Macho funga." Akafumba macho yake akaanza kuhesabu pumzi. Alipofumbua, alikuta watu tisa wamelala kwa ubavu wa kulia, wamepangana safi, nyuso zote zimeelekea kibla upande wa matangi ya maji.

"Woi! Kwani mnaenda wapi?"

Mama yako akajibu bila kufumbua macho, "Mwalimu, si umesema maiti? Maiti wetu hulazwa hivi."

Mwende akafikiri, akasema, "Sawa. Leo tukufe ya Kikamba. Mgongo chini, mikono kando."

Tukageuka chali, tunacheka. Na hapo, mwanangu, kicheko kikaniishia. Tangu siku ya boganvilia sikuwa nimewahi kulala chali macho nimefumba mbele ya watu. Nilihisi mtu amesimama karibu na kichwa changu. Mwende akasema, "Vuta pumzi kwa nne. Toa kwa sita, polepole." Nikavuta, nikatoa, nikavuta. Mara ya tatu au ya nne, kwenye kutoa, ikatoka ile sentensi iliyokaa humo miaka miwili. Ikatoka kwa sauti ya mwadhini:

"Sikunywa mimi!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mama yako hakucheka. Na Mwende, hajui hili wala lile, hamjui Omari, akasema taratibu, "Sawa mzee. Hukunywa. Vuta pumzi."

Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia hivyo. Nililia pale chini, machozi yakanijaa masikioni, nikasema ni sabuni ya dobi.

Haukuwa muujiza. Ilikuwa Jumatano baada ya Jumatano, na kila siku robo saa uani nyuma ya jiko, nikijihimiza kwa kusema "toa kama unayepoza chai", kwa kuwa kuhesabu kulinichosha. Mgongo ulilegea kidogo kidogo, nao moyo ukafuata nyuma ukinung'unika. Karibu mwaka ulipita. Ndipo siku moja, pale nyuma ya jiko, katika ule mkao wanaouita wa mtoto, ukiwa umepiga magoti na kuinama mbele, paji la uso wangu likagusa mkeka. Nikabaki hapo. Si swala ile, nami siichanganyi na swala, lakini nilijua nimerudishiwa nini. Nilidhani niko peke yangu.

Sasa nakwambia jambo ambalo mama yako halijui hadi leo. Ukimwambia nitakukana.

Ijumaa iliyofuata ningeweza kusujudu. Nilikuwa mzima. Na wewe ukakiinua kiti ukakitia kichwani kama kawaida, nami nikakuacha ukibebe. Nikakaa mwisho wa safu karibu na nguzo. Omari akageuka, akakiona kiti, akainamisha macho. Nikaona utamu, Riziki. Utamu wa kweli, hapa kooni. Kiti kile ndicho kilichokuwa kikimwambia kila wiki neno ambalo mimi sikuweza kulisema, nami nilijua siku nitakapokiacha nyumbani, kitanyamaza. Basi nikaendelea. Wiki hiyo, na iliyofuata, na mwezi, na mwezi wa pili. Miezi minne nilimnyima Mola wangu paji la uso wangu ili nimuadhibu mtu wa safu ya pili. Nimemtubia Mwenyezi Mungu kwa hilo. Wewe sikuwahi kukutaka radhi, na wewe ndiye uliyekuwa ukikibeba.

Siku moja tuko njiani, jua la saa sita, umetangulia mbele na kiti kichwani, bila kugeuka ukasema, "Baba, kiti kimekuwa kizito siku hizi."

Kiti cha plastiki!

Ndipo nilipojua kwamba ulikuwa umeniona siku ile nyuma ya jiko. Baadaye nikakumbuka kwamba siku hiyo kifumbu ulichokuwa ukichujia tui kilikuwa kimeachwa kizingitini, kinachuruzika. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uliniona nikiwa mzima, ukakibeba kiti changu miezi minne, hukumwambia hata mama yako. Ijumaa iliyofuata kiti kilibaki nyumbani. Watu walinipongeza, mashaallah nyingi, na Omari akanikumbatia mlangoni huku analia. Mimi nilisimama kama nguzo, mikono chini.

Watakufundisha majina ya mifupa yote huko chuoni, na misuli, na mishipa. Utarudi tabibu wa viungo na kuniambia mahali paliponiuma paliitwaje kitaalamu. Mimi nitakuongezea dogo tu: wako wagonjwa watakaokudanganya. Si kwa ubaya. Maumivu yakikaa sana hupata kazi ya kufanya nyumbani, na mwenye nayo huogopa kuyafukuza kazi. Ukimkuta wa namna hiyo usimwaibishe. Mgonjwa wako wa kwanza ulimtibu njiani kwenda msikitini, kwa sentensi moja, na hukumtazama hata usoni.

Sasa nije kwako na mimi.

Mwaka jana Omari alipopatwa na kiharusi nilikwenda kumtazama siku moja na watu wengine, nikakaa mlangoni, nikaondoka na wa kwanza kuondoka. Nikaona nimetimiza. Wiki mbili zilizopita, Alhamisi, nikakitafuta kiti cha buluu nisimame nifunge makuti ya jiko. Hakipo. Nikauliza kwa jirani, hakuna. Nikapita njia ya kwa Omari kwenda dukani, na kwenye baraza yake nikakiona. Ule mshono wa uzi wa mshipi ninaujua kama ninavyojua mwandiko wangu. Amekikalia Omari. Na wewe umepiga magoti mbele yake, umemshika mkono uliopooza, unaupandisha taratibu na kuushusha.

"Vuta pumzi, ami. Sasa toa, polepole, kama unayepoza chai."

Kupoza chai ni kwangu, Riziki. Hilo sikulipata kwa Mwende.

Nikauliza, "Kiti hicho ni cha nani?"

"Chako, baba."

"Na mazoezi hayo?"

"Yako pia. Nilimuuliza tabibu wa Msambweni kwanza, akasema yanamfaa akiwa amekaa."

"Tangu lini?"

"Tangu Shaabani."

"Na Jumanne na Alhamisi ulikuwa ukiniaga unakwenda wapi?"

"Kwa Mwanasha. Kusukwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Nikasema, "Msimamishe."

Ukamsimamisha. Ilikuchukua muda, maana mguu ule haumtii. Alijaribu kusema kitu, ulimi ukamgomea, nami sikungoja. Nikakichukua kiti nikakitia kichwani, nikaenda nacho nyumbani, mtu mzima, mchana kweupe, watu wananitazama. Kila hatua pumzi ilikuwa inanikatika vile vile kama siku ya boganvilia.

Mama yako alikuwa akipeta mchele. Nikamweleza yote, nikingoja anionee huruma. Akauliza, "Ina maana umemwacha mgonjwa amesimama?"

"Riziki alikuwa amemshika."

"Sikuulizi Riziki alifanya nini."

Tangu hapo kiti kiko uani, hakuna anayekikalia ila kuku mwekundu. Nami nimekuwa nikikutazama mezani nikijiambia: Omari alinisingizia mara moja, kwa hofu, sentensi moja. Huyu amenitazama usoni kila Jumanne na kila Alhamisi akaniambia anakwenda kusukwa, akarudi na kichwa kile kile! Na mimi mjinga nikamwambia, "Mashaallah, umependeza." Tangu Shaabani. Ramadhani nzima, yaani hata katika saumu. Mfungo mosi. Mfungo pili, hadi Alhamisi ile. Hebu nihesabu vizuri.

Ni miezi minne.

Nimeitazama hesabu hiyo muda mrefu. Kalamu naiweka chini kwanza. Inaadhiniwa alasiri.

*

Nimerudi. Jua bado liko juu ya mnazi wa Mzee Kasimu na ninyi hamjafika, kwa hiyo nina nafasi ya kumaliza.

Nilipotoka msikitini nilipita nyumbani, nikamtoa kuku, nikakipangusa kiti, nikakitia kichwani. Kwa kweli kile kiti ni kizito.

Mke wa Omari alikuwa barazani akipukuchua kunde. Alipokiona kiti akauacha ungo akaingia ndani, sijui kwa heshima au kwa hofu. Omari alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba. Nikatoa salamu. Akaitikia vipande vipande.

Nikamwambia, "Riziki anaondoka kesho. Nimekuja kuona mnafanyaje."

Nikamtia mkono kwapani, akaniegemea. Ni mzito kuliko shada lolote nililowahi kufunga. Alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, na kwa muda tulikuwa tumesimama hivyo, yeye uzito wake wote uko juu yangu, nami ndiye mshika kamba. Naye alilijua. Alinitazama mkono, kisha usoni. Sitakudanganya, wazo lilipita. Lilikuja likasimama karibu na kichwa changu, likapita. Nikamkalisha.

Tukavuta pumzi. Kwa nne, tukatoa. Nilisema "kama unayepoza chai" na ikanitoka kwa hasira kidogo, kama mwenye mali. Nikaupandisha mkono wake na kuushusha mara kumi, kama nilivyokuona ukifanya. Kisha akaanza kuhangaika na midomo. Nikajua sasa linakuja. Miaka tisa nimelingoja neno hilo. Nikainama, nikamtegea sikio, na moyo ukinidunda kama wa kijana anayeposa.

"Ki... kina... kinabana."

Nikasema, "Nakijua. Kinabana paja la kushoto. Sogea kulia."

Akasogea kulia. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikacheka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka, nikaaga nikaondoka. Kiti nimekiacha.

Hakusema. Huenda hatasema, huenda ulimi hautamrudia hata akitaka, na nitakufa nikiwa mlevi wa Galu. Sijamsamehe, usiende Nakuru ukijipa moyo. Lakini Jumanne nitakwenda tena, na Alhamisi, maana mkewe hawezi kumwinua peke yake, na wewe hutakuwepo.

Na wewe pia bado unaniuma. Ungeniambia. Ningekataa, ningepiga kelele mpaka Ukunda, na bado ungeniambia. Ila nimetafuta mahali ulipojifunza kulitunza jambo miezi minne uso mkavu, nikakuta hukujifunza kwa jirani. Nisamehe njia ile ya msikitini, mwanangu. Nisamehe kila Ijumaa.

Radhi zangu unazo. Zote, za jana na za leo, na zile nilizoupa mche wa mpapai nazirudisha kwako. Nenda kasome. Mungu akufungulie.

Barua hii naiweka juu ya sanduku ili usiweze kulifunga bila kuiona. Nasikia sauti ya mama yako kwa jirani, mmerudi. Kesho asubuhi sanduku nitalibeba mimi, kichwani, mpaka barabarani. Usininyang'anye, wala usinitangulie njiani kuniuliza kama ni zito. Mgongo wangu ni mzima. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kujua.

Ni mimi baba yako,
Bakari